Miguu ya Bwana Komeo

Haya yote ni kweli tupu, kweli kavu, kweli isiyotiwa hata tone la maji. Naapa kwa macho yangu mawili, la kushoto ambalo bado linaona na la kulia ambalo limebaki kwa kazi ya kukonyeza. Atakayesema nimetia chumvi ajue kwamba chumvi hiyo niliikuta humo humo. Mimi nimekoroga tu.

Palikuwa na mtaa mfupi wa nyumba zilizogawana kuta, kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe unajikuta unamtakia afya kabla hujajua ni nani. Mwisho wa mtaa, nyuma ya mlango wa kijani uliobambuka rangi, aliishi mtu ambaye watoto walimwita Bwana Komeo. Walimwita hivyo kwa sababu kila alipoingia ndani kitu cha kwanza kusikika kilikuwa komeo la juu, kraa! Halafu la chini, kraa! Halafu kimya. Halafu mambo yanaanza.

Aliyeyasikia mambo hayo vizuri kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Sindano. Aliitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na ulimi ndio uliochoma zaidi. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa Bwana Komeo. Kando ya kitanda hicho, kwenye godoro la chini, alilala mdogo wake, Bonge, mtoto mnene aliyeogopa kila kitu duniani isipokuwa chakula.

Sasa sikiliza walichokuwa wakisikia. Mchana kweupe, farasi anatembea ndani ya chumba cha watu. Si punda, farasi, tena mwenye kwato safi, kata-kata, kata-kata, anakwenda, anageuka, anarudi. Jua linawaka nje hakuna wingu, lakini kwa Bwana Komeo radi inanguruma mpaka vikombe vya kina Sindano vinagongana kabatini. Mlango unalia kwa kutu, kriiii, mlio mrefu wa kusaga meno, ilhali mlango wake wa kijani ulikuwa laini kama siagi. Na mara nyingine, baada ya chakula cha mchana, analia mtoto mchanga. Analia, analia, ananyamaza ghafla. Kisha anaanza tena, vile vile alivyoanza mwanzo.

"Farasi ameingiaje?" Bonge aliuliza siku moja. "Mlango wenyewe mdogo."

Aliyeulizwa alikuwa babu yao, mstaafu wa kazi ya kuandika mabango ya maduka, mzee mzuri wa sura, mpole, mwenye hekima, asiyejua uongo unaanzia wapi.

"Alimnunua akiwa mdogo kama mbuzi," babu alisema, akikoroga chai. "Akampitisha mlangoni bila taabu. Basi farasi akala, akakua, siku anataka kutoka, mlango haumtoshi. Unadhani yale makomeo ni ya nini? Ni aibu, mjukuu wangu. Mtu hataki ionekane."

"Na radi?"

"Ile ameifungia sandukuni. Ukiwa na sanduku zuri na ukiwahi mapema, radi inakamatika."

"Na mtoto?"

Hapo babu alikunywa chai yake. Hata yeye ana mipaka. Lakini Sindano hakuwa nayo. Kesho yake shuleni, kwenye foleni ya kunawa mikono, aliwaambia wenzake kwamba Bwana Komeo anaiba watoto wanaolia lia, na farasi ndiye anayewala. Wenzake wakayabeba nyumbani. Mama zao wakayapeleka kwenye kamba za kuanikia nguo. Wiki haijaisha, habari zikarudi mtaani zimenenepa, mpaka Sindano mwenyewe alipozisikia akaogopa kwenda chooni peke yake.

Na zikamfikia Mama Mwenye Nyumba.

Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa zake. Alikuwa mama wa mwili mkubwa, mwenye fungu la funguo kiunoni na ndara ngumu miguuni, na alichukia vitu viwili, bomba linalodondosha maji na nguo zilizoanikwa kwenye kingo za ngazi. Alikuja asubuhi, akasimama pale bombani, akatangaza.

"Katika vyumba vyangu sitaki farasi. Sitaki radi. Na sitaki mtoto anayelia asiyejulikana mama yake ni nani. Huyu mtu nimemuuliza mlangoni kwa mdomo wangu, 'Unafanya nini humu?' Ananijibu, 'Kazi.' Kazi gani? Ananyamaza! Jumamosi nakuja na fundi wa kufuli. Atoke."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akampapasa Sindano kichwani, akamwambia, "Wewe binti ndiye uliyetufumbua macho." Kichwa cha Sindano kikavimba palepale. Alirudi nyumbani akitembea kwa mikogo, ndoo ya maji mkononi kama kombe la ushindi.

Kikanywea mchana huo huo. Alikuwa amelala kitandani, na nyuma ya ukuta mtoto akaanza kulia.

Sindano alikaa wima. Kama Bwana Komeo anatolewa Jumamosi, basi Jumamosi ataondoka na kila kilicho chake, na mtoto akiwemo. Ataenda naye wapi, nani atajua? Watu wote wa mtaa waliwaza kumtoa mtu. Hakuna aliyewaza kumtoa mtoto.

"Bonge. Amka. Tunaenda kumchukua."

"Nani?"

"Mtoto."

"Na farasi je?"

"Farasi ameshiba," alisema Sindano.

Nyuma ya nyumba palikuwa na dirisha la chini lililokosa kitasa. Sindano akajikaza, akalisukuma, akajipenyeza ndani kama uzi. Bonge akamfuata, naye alifika katikati. Nusu ya juu iko ndani, nusu ya chini iko nje, na dirisha limembana kiunoni barabara.

Sindano hakumtazama. Alikuwa ametumbua macho. Katikati ya chumba ulisimama mlango peke yake, na fremu yake, bila ukuta, mlango usiokwenda popote, wenye bawaba zilizokula kutu. Bati refu lilining'inia darini kwa kamba. Palikuwa na sanduku la kokoto, sinia la mchele mbichi, vifuu vya nazi, na viatu ukutani safu kwa safu, vya kike na vya kiume, vya askari na vya harusi. Na juu ya kigoda, mbele ya kinasa sauti, alikaa Bwana Komeo mwenyewe, macho ameyafumba, chupa mkono mmoja, kizibo kilicholowa maji mkono wa pili. Alikuwa anakisugua kizibo kwenye chupa, taratibu, kwa huruma nyingi, na chupa ilikuwa inalia kama mtoto mchanga.

"Shikamoo," alisema Sindano. Hakuna neno lingine lililomjia.

Bwana Komeo akafumbua macho. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye nywele chache na masikio makubwa mno. "Marahaba," akajibu, kisha akatazama nyuma ya Sindano. "Na yule dirishani?"

"Mdogo wangu. Amekwama."

"Shikamoo," alisema Bonge kutoka dirishani.

"Marahaba, bwana mdogo. Usitikisike."

Alimvuta akamtoa, akamkalisha chini. Halafu ghafla, kama mtu aliyekutwa anaoga, akanyakua blanketi akaanza kufunika vitu vyake, bati, kokoto, mchele. Lakini alikuwa amechelewa, na alijua amechelewa. Akaketi tena.

"Mtoto yuko wapi?" Sindano aliuliza. Swali lilikuwa limemtoka kabla hajalizuia.

Bwana Komeo akainua chupa.

"Nafanya kazi redioni," akasema. "Michezo ya kuigiza. Waigizaji wanasema maneno, na yote mengine ni mimi. Mvua ni mimi. Farasi ni mimi. Nimeshakuwa vita. Mwaka juzi nilikuwa harusi nzima, na wageni wake." Alisema hivyo bila majivuno, lakini mgongo ulinyooka. "Kule studio wanagonga misumari, wanatengeneza dari. Ndiyo maana nafanyia hapa."

"Sasa si useme!" Sindano aliruka. "Si umwambie Mama Mwenye Nyumba! Wanakutoa Jumamosi!"

"Fumbeni macho," alisema Bwana Komeo.

Wakafumba. Mtoto akalia tena, kilio kile kile cha kukata maini. Bonge akaangua kicheko.

"Unacheka nini, bwana mdogo?"

"Nasikia chupa!"

"Basi ndiyo hiyo." Sauti ya Bwana Komeo ilikuwa ya mtu anayetoa pole msibani. "Jana ulisikia mtoto. Kuanzia leo hadi uote mvi utasikia chupa. Siwezi kukurudishia. Nimempoteza msikilizaji. Unaona sasa kwa nini nafunga makomeo? Jioni nikirudi napita kwenye madirisha yenu. Nawaona mmeinamia redio. Yule mama wa nyumba ya kona nimemwona akitokwa machozi kwa ajili ya mvua, na mvua ile ni mchele huu hapa. Nikiwaonyesha, watasikia mchele. Mtaa mzima utasikia mchele, radi itakuwa bati, farasi vifuu. Hapana, binti. Bora nihame. Nimeshahama sana."

Sindano alitazama viatu vyake. Ulimi, ambao haukuwahi kumwangusha, ulikuwa mzito kama tofali. Mtu huyu anafukuzwa kwa maneno yaliyoanzia kwenye foleni ya kunawa mikono, na dawa ya maneno hayo ni ile moja asiyoweza kuinywa.

Ndipo alipoona kitabu mezani. Jalada jekundu, pembe zimeliwa. Alikijua. Darasa la sita lote lilikijua, na mama zao walikisoma, na mwalimu alikisoma alipokuwa mdogo. Ni riwaya ya zamani ya watoto watatu wanaoishi karibu na tangi kubwa la maji, na jirani yao, mtunza tangi, ambaye hakuna anayemjua. Mwanzoni watoto wanaamini anazamisha watukutu tangini. Katikati wanaamini anaiba maji ya mji. Kila jioni miguu yake inakuja barabarani na kusimama mbele ya mlango wao, nao wanajificha. Mwishoni mji unakauka, na ndipo wanapojua: bomba kuukuu kuliko yote linapita chini ya nyumba yao, na yule mtu husimama pale kusikiliza kama linavuja.

"Mnaigiza hiki?" Sindano aliuliza.

"Tunaigiza. Na kimenishinda." Bwana Komeo akasugua masikio yake makubwa. "Miguu yake. Mwanzoni inatakiwa itishe. Mwishoni inatakiwa umpende. Nimevaa viatu vya askari mwanzoni, vya kitambaa mwishoni. Mkuu wa michezo akasema, 'Hawa ni watu wawili.' Nimetembea kwenye kokoto, nimetembea kwenye mbao. Amenirudishia tena. Anasema bado."

Sindano akautazama ukuta wa upande wa kwao. Halafu akasema, polepole, jambo ambalo alikuwa akilijua tangu alipoingia dirishani, ila hakujua kwamba analijua.

"Usibadilishe viatu."

"Unasemaje?"

"Mimi nalala pale," akaonyesha ukuta. "Nakusikia kila siku. Miguu yako ya leo ni ile ile ya jana. Jana ilinitisha. Leo hainitishi, na hujabadilisha kiatu. Aliyebadilika ni mimi."

Bwana Komeo alikuwa ameacha kusugua masikio.

"Miguu iwe ile ile," Sindano aliendelea, sasa ulimi umerudi kazini. "Mwanzoni ikisimama mlangoni, tusikie watoto wanabana pumzi. Mwishoni ikisimama, pale pale, vile vile, tusikie mlango unafunguliwa. Basi."

Yule mtu alisimama, akazunguka mlango wake usio na ukuta, akarudi upande wa pili. Akacheka, kicheko kidogo kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Mimi nitabana pumzi na kufungua mlango," alisema. "Siwezi kutembea wakati huo huo. Nani atatembea?"

Bonge akamnyooshea dada yake kidole.

Basi Sindano akapewa viatu vya kiume, vizito, vilivyojazwa magazeti puani, akaanza kujifunza kutembea. Usidhani ni mchezo. Mtoto hutembea kana kwamba ardhi ni yake. Mtu mzima aliyechoka huiomba ardhi ruhusa. Kisigino kwanza, halafu uzito, halafu kale kaguno ka ngozi ya kiatu. Kila mchana baada ya shule, Sindano alivuka kokoto, na kila mchana Bwana Komeo alisema, "Bado una haraka. Huyu mtu hana anayemsubiri nyumbani." Alhamisi alivuka, akasimama, na Bwana Komeo hakusema kitu. Aligeuka tu akashughulika na kinasa sauti chake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani babu alikuwa anakufa kwa kutaka kujua.

"Niambie kidogo tu. Farasi ana rangi gani?"

"Babu, sisemi."

"Mimi babu yako! Niliyekubeba!"

"Babu, nikisema nitaharibu."

Mtoto yule, ambaye tangu aanze kusema hakuwahi kufunga mdomo, alikuwa amefunga makomeo mawili.

Jumamosi ikafika. Mama Mwenye Nyumba akaja, pa-pa-pa, na fundi wa kufuli nyuma yake akisukuma mkokoteni wa vyuma, na mtaa mzima nyuma ya fundi. Walipofika kwenye mlango wa kijani wakamkuta Sindano amesimama mbele yake, amevaa viatu vya mtu mzima.

"Ondoka hapo, binti."

"Mama, naomba usikilize kwanza."

"Nisikilize nini tena? Nimesikia ya kutosha. Na wewe ndiye uliyetuambia!"

"Niliwaambia nisiyoyajua," Sindano alisema. Akauegemea mlango. "Leo nayajua, na sitawaambia. Mtasikia wenyewe. Mgeuke muupe mlango mgongo, mfumbe macho. Kama mtaona bado anastahili kutoka, fundi afanye kazi yake."

Watu wakaanza kuguna. "Tumekuja kuchezeshwa kibe hapa, kujifichana kama watoto?" mmoja akasema. Fundi wa kufuli akashika nyundo. Na hapo, ndugu zangu, ndipo babu yake alipojitokeza. Mzee yule aliupita umati kama kisu kwenye siagi, akaushika mkokoteni wa fundi kwa mkono mmoja, akauinua na vyuma vyake vyote, akauweka kando kama mtu anayehamisha kuku. Kisha akanguruma, "Geukeni! Fumbeni macho! Mjukuu wangu anasema!" Na mtaa wote, Mama Mwenye Nyumba akiwemo, ukageuka kama gwaride.

Sindano akaingia ndani. Kraa. Kraa.

Radi ikapiga.

Ilianzia mbali, ikaviringika juu ya mapaa, ikapasuka. Akina mama wanne walikimbilia nguo zao kwenye kamba huku wamefumba macho, na wawili wakagongana. Mvua ikaanza kumwagika, na mwanamume mmoja akavuta kola ya shati hadi masikioni, jua likimchoma kisogo. Babu peke yake alisimama wima kama nguzo, hakutikisika hata unywele.

Kisha farasi. Alikuja kutoka mwisho wa mtaa, kata-kata, akapita katikati yao, na naapa watu walijibana ukutani kumpisha. Mtoto mmoja alinyoosha mkono ili amguse.

Kisha kukawa kimya. Halafu, pa, pa, pa. Ndara ngumu. Na funguo, cheki-cheki, cheki-cheki, zinakaribia bombani.

Mtaa ukapagawa. Mmoja akarukia bomba kulikaza, mwingine akapanda ngazi mbio kunyakua mashuka yaliyoanikwa kingoni, mama wa kona akaficha beseni nyuma ya mgongo, fundi wa kufuli, ambaye hata hakuwa mpangaji, akavua kofia. "Anakuja! Anakuja!"

"Nani anakuja?" Mama Mwenye Nyumba alifoka, amefumbua macho. "Mnakimbia nini? Mimi si niko hapa!"

Akatega sikio. Ndara zilikuwa bado zinatembea, nyuma ya mlango wa kijani, na yeye amesimama palepale. Alijisikiliza akipita. Alijisikiliza akisimama bombani, akigeuka, akiondoka kwa madaha.

"Hivyo ndivyo ninavyotembea?"

"Ndivyo, mama," wakajibu watu kumi kwa mpigo.

Akarekebisha fungu la funguo kiunoni. "Nasikika kama mtu wa maana," akasema kwa sauti ndogo, na akafumba macho tena bila kuambiwa.

Mwisho kabisa ikaja miguu. Mizito, isiyo na haraka, kisigino kwanza. Kila mtu mtaani alikuwa amesoma kile kitabu chenye jalada jekundu au amesomewa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni miguu ya nani. Ikaja, ikaja, ikasimama. Mtaa wote ukabana pumzi, watu wazima na ndevu zao, kama watoto chini ya kitanda.

Makomeo yakafunguka, na mlango nao. Watu wakageuka, wakamwona Bwana Komeo amesimama kizingitini kwenye mwanga wa mchana, na kando yake Sindano ndani ya viatu vikubwa, jasho linamtiririka. Nyuma yao blanketi limefunika kila kitu.

"Nafanya kazi redioni," alisema Bwana Komeo. "Samahani kwa kelele."

Mama Mwenye Nyumba alimtazama kwa muda. "Abaki," akamwambia fundi wa kufuli, kana kwamba fundi ndiye aliyekuwa akitaka kumtoa. Kisha akamgeukia Bwana Komeo. "Lakini farasi wako asitembee nikiwa nimelala mchana. Na hizo ndara, umezitoa wapi?"

"Hilo, mama, ni siri ya kazi."

Watu wakacheka, wakasukumana, shingo zimenyooka. "Tuone! Farasi ni kitu gani? Tuonyeshe kidogo!" Bwana Komeo akarudi nyuma hatua moja. Lakini Sindano ndiye aliyeshika mlango. "Mmeshasikia," alisema. "Inatosha." Akaufunga, na makomeo akayapiga mwenyewe.

Tangu siku hiyo usingejua kwamba ni mtaa ule ule. Akina mama walikwenda mitaa mingine na kuuliza, "Ninyi kwenu mna radi? Sisi tuna radi yetu wenyewe." Farasi akipita nyuma ya ukuta, mtu alimnyamazisha mgeni wake kwa kidole, "Shh, jirani yetu yuko kazini," kwa sauti ambayo zamani ilitumika kutaja jamaa waliofanikiwa.

Na mchezo wenyewe ulipotangazwa, kila redio ilitolewa ikawekwa dirishani, ikawa mtaa mzima unasikiliza kwa sikio moja. Mtoto mchanga alipolia Bonge alicheka, na watu walimzomea, "Huna roho wewe!" Miguu ilipokuja mara ya kwanza, watoto walijibanza kwa mama zao. Ilipokuja mara ya mwisho, ikasimama, mtu mmoja gizani pale uani alisema, "Mfungulieni, jamani," na mlango ukafunguliwa.

Kisha mtangazaji akasoma majina ya waigizaji. Akasoma jina la mkuu wa michezo. Akasema, "Sauti zote," akataja jina ambalo hakuna aliyelijua, hadi walipomwona Bwana Komeo ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Na miguu ya mtunza tangi: Sindano."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama yake Sindano alimshika begani, akamshikilia. Mwalimu wa darasa la sita, aliyekuwa amekuja na kigoda chake, alisimama.  Sindano alitazama miguu yake mwenyewe, myembamba, ndani ya kandambili, kama mtu anayetambulishwa kwayo kwa mara ya kwanza.

Ningeishia hapo, nikaonekana mtu wa heshima. Lakini niliacha karatasi hizi mezani nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi nikamkuta mtu amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, anazisoma. Sindano sasa ni mama wa watu, na sauti zote za redioni ni zake.

"Babu."

"Naam, mjukuu wangu."

"Huyu aliyeinua mkokoteni kwa mkono mmoja ni nani?"

"Ni babu yako."

"Na aliyesimama kama nguzo radi ilipopiga?"

"Huyo huyo. Una babu mwingine?"

Hakucheka. "Babu, radi ilipopiga uliingia chini ya mkokoteni wa fundi. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hakusikia farasi, kwa sababu uliziba masikio. Nilitoka ndani nikakuta wanakuvuta miguu."

"Nani kasema?"

"Mimi niliyevuta," alisema Bonge kutoka mlangoni, mdomo umejaa mkate wangu.

Mtu mzima hujua akishikwa. Nikauliza faini ni nini.

Sindano alikuwa nayo tayari. Kuna mchezo unarekodiwa wiki hii, wa mzee anayelala fofofo huku wezi wanabeba nyumba. Anahitaji mkoromo, na vijana wa siku hizi, anasema, wanakoroma kama wanasoma tangazo.

Basi nimelipa. Nilipelekwa studio, nikavuliwa viatu, nikalazwa kwenye kochi, kipaza sauti kikashushwa hadi kwenye pua yangu. Nikafumba macho, nikakoroma kwa ufundi wote niliojaliwa, kwa mawimbi, kwa filimbi katikati, mkoromo ambao haujapata kusikika.

Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya kioo.

"Acha kutunga, Babu. Lala kweli."